Kiko kipya chenye mpako mweusi ndani: uzoefu wangu wa miezi mitatu Dodoma

Nilikinunua Juni, Dar es Salaam, kwenye duka la zawadi, kwa shilingi 95,000, nikarudi nacho Dodoma kwa treni nikiwa nimekifunga ndani ya soksi kisikwaruzike. Ni kiko cha brayari kilichonyooka, chepesi, na kimekaa vizuri mkononi. Ndani ya kichwa kilikuwa cheusi tii, kuanzia chini hadi ukingoni. Muuzaji aliniambia: "Hiki kimeshakomazwa kiwandani, kaka. Wewe jaza, vuta." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu nusura inipotezee kiko.

Brayari ni lile fundo gumu la kwenye mzizi wa kichaka kinachoota sana nchi za Mediterania, kama Italia, Ugiriki na Algeria. Mafundi hulichemsha masaa mengi, kisha hulikausha muda mrefu kabla ya kulichonga. Linavumilia moto kuliko miti mingi, lakini bado ni mti. Kinachoukinga ni ukoko, yaani ile tabaka nyembamba ya masizi inayojijenga ukutani kadiri unavyovuta. Kiko kipya hakina ukoko, kwa hiyo fundi anaweza kukipaka kitu ndani kiusaidie mti siku za mwanzo. Wengine huchanganya unga wa mkaa na silikati ya sodiamu, aina ya gundi ya madini inayovumilia moto. Huo ukikauka huwa mgumu na hautoki kwa kufuta. Wengine huchanganya mkaa na mtindi au asali, nao ni laini na masizi huushika upesi. Hiyo ni mipako ya kweli. Sasa kuna kupiga rangi nyeusi tu, kiko kipendeze dukani, na rangi hiyo hiyo inaweza kuficha tundu au ufa ambao mnunuzi angeuona mti ungekuwa wazi.

Mimi sikujua tofauti. Siku ya kwanza nilijaza hadi juu, nikakaa barazani. Mliokaa Dodoma mnaujua upepo wa kuanzia Juni: haupumziki, na hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Upepo ukipita juu ya kiko unafanya kazi ya mvukuto wa mhunzi. Baada ya dakika kumi kichwa kilikuwa cha moto kiasi kwamba nilikiweka shavuni nikakiondoa haraka. Ladha ilikuwa ya rangi iliyoungua, si ya tumbaku. Nikajipa moyo kwamba itaisha. Mara ya tatu nilimulika ndani kwa tochi ya simu. Karibu na chini mpako ulikuwa umebanduka vipande vipande, kama rangi ya ukuta ulioliwa na chumvi, na chini yake mti ulikuwa umeanza kubadilika kutoka kahawia kwenda weusi. Nilisikitika sana.

Babu yangu yuko Mpwapwa na amevuta kiko tangu ujana wake. Nilimpelekea. Alikipokea, akakinusa, akaingiza kidole, akanionyesha weusi uliobaki kidoleni. "Mjukuu wangu, hii ni rangi. Na wewe unavuta kama mtu anayepuliza jiko la kuni." Akaniambia nianze upya.

Nilizungushia penseli msasa namba 220, nikasugua taratibu bila kuchimba mti. Kisha nikafuta kwa kitambaa chenye pombe kali kidogo. Kitambaa kilitoka cheusi kabisa, nikaamini maneno ya babu, maana ule mpako wa silikati usingeyeyuka hivyo. Bahati nzuri sikuona ufa, ni ile alama ya kuungua tu. Nikakiacha siku mbili kikauke, halafu nikapaka asali ya Manyoni kwa ncha ya kidole, nyembamba mno, mti ung'ae tu usilowe. Nikakilaza usiku mmoja.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Wiki ya kwanza nilijaza theluthi tu, wiki ya pili nusu, ya tatu theluthi mbili. Kila safari nilivuta hadi mwisho kabisa, kwa sababu chini ndiko ukoko unakochelewa, na ukianza kujaza kote utaona juu kumejengeka na chini mti uko uchi. Nilihamia uani, nyuma ya ukuta, jioni upepo ukitulia. Kichwa kikipata moto nilikiacha kizime, nikawasha tena baadaye. Majivu niliyatikisa ndani nikiwa nimeziba mdomo wa kiko kwa kidole gumba, yajipake pande zote, ndipo nikamwaga. Mrija sikuuchomoa hata siku moja kikiwa cha moto, maana maungio hulegea au hupasuka. Nilisafisha kwa unyoya wa kuku, kisha nikakipumzisha siku nzima.

Tumbaku nayo ina maneno yake. Ile ya mvuke, yaani iliyokaushwa kwa joto ndani ya bani, kama inayolimwa Tabora, ina sukari nyingi, na ukiivuta haraka inawaka kwa ukali na kuuma ulimi. Kwa kiko kichanga nilitumia ya hewa, ile inayokaushwa kwa hewa tu bila moto, na nilifurahi.

Leo ukoko una unene wa karibu milimita moja, umelingana, na ladha ya rangi imekwisha. Ukifika milimita moja na nusu nitaupunguza, kwa kuwa ukizidi hutanuka kwa joto na kupasua mti. (Wenye vile viko vya zamani vilivyotengenezwa Arusha, vya jiwe jeupe la sepiolaiti kutoka upande wa Amboseli, haya hayawahusu. Jiwe halihitaji mpako, na ukoko mnene ni hatari kwake.)

Kwa uchongaji nakipa kiko hiki alama nzuri: tundu la moshi linatokea chini kabisa mwa kichwa, na mrija hauvuji. Kwa rangi ya ndani na kwa maneno ya muuzaji, hapana. Ukienda dukani omba kisichopakwa. Wakisema vyote vimepakwa, uliza kimepakwa nini, kisha sugua ndani kwa kitambaa chenye pombe kabla hujatoa pesa. Mimi cha pili nimeshaagiza, na nimesisitiza ndani kiwe mti mtupu.