Landrova ya baba ilikaa juu ya mawe miaka 15: uzoefu wangu na fundi wa Tabora

Landrova ya marehemu baba, Series III ya mwaka 1978, ilikaa juu ya mawe nyumbani kwetu Cheyo tangu 2009. Mwaka 2024 iliwaka tena. Lakini kuwaka peke yake kusingenifanya niandike. Gari la zamani ukiliwekea petroli mpya na betri ya jirani linaweza kuwaka jioni hiyohiyo, na jioni hiyohiyo likafa kabisa. Naandika kwa ajili ya namna fundi alivyolishika.

Baba alikuwa bwana shamba wa tumbaku, na gari hilo alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya ofisi. Kwa wakulima wa Urambo na Kaliua lilijulikana kwa mlio kabla halijaonekana. Alipoanza kuumwa alilipandisha juu ya mawe chini ya mwembe, akatoa betri, akalifunika turubai. Petroli hakuimwaga. Hilo ndilo lililotugharimu baadaye.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilinipa bei ya kung'oa injini na kuweka ya Kijapani. Wenye Landrova wengi wamefanya hivyo na magari yao yanatembea vizuri. Mimi niliitaka injini ileile, petroli, silinda nne, ujazo wa cc 2,286. Kijana wao akaja na betri, akapiga starta mara tatu bila kufungua hata plagi moja. Injini ikagoma, chuma kikagonga chuma, akasema imekufa. Nilikosa usingizi usiku ule.

Fundi wa pili nilielekezwa kata ya Ng'ambo, hapahapa Tabora. Ni mzee, alikuja na baiskeli, spana zake zimefungwa kwenye gunia. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mwalimu. Liko wapi?" Boneti hakuigusa. Alitandika lile gunia, akalala chini ya gari, akaanza kugonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, huku anasikiliza. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, haili kutu, lakini chasisi ni chuma cha kawaida, na ikioza hakuna maana ya kuhangaika na injini. Nyuma kabisa, pale inapofungwa ndoano ya kuvutia, nyundo ilitoa mlio mzito na kutu ikadondoka kama maganda. Sehemu ya ukubwa wa kiganja. "Hapa tutachomelea," akasema. "Kwingine kuko imara."

Kisha akafungua plagi zote nne, akamulika kila tundu kwa tochi, akachanganya oili na dizeli kwenye kikombe, akamimina kijiko kimoja kimoja kila silinda. Akaziba kwa vitambaa. "Tuonane Jumatano." Siku hiyo ilikuwa Jumamosi!

Jumatano alipitisha hendeli ya kuzungushia injini kwenye tundu la bampa, akaiegemea bila kuishtua. Haikwenda. Akaongeza mchanganyiko, akaondoka. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeshika boneti nikiangalia puli ya feni. Ikasogea upana wa vidole viwili, kwa mlio kama mlango wa godauni. Nilipiga kelele. Yeye aliirudisha nyuma, akaisogeza mbele, akairudisha tena, karibu saa nzima, mpaka ikazunguka duara kamili. Alinieleza kwamba pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu, na mtu akizilazimisha kwa starta anavunja ringi. Ndipo nilipoelewa yule kijana alikuwa anataka kunifanyia nini.

Tangi lilitoa kitu cheusi kinachonuka kama vanishi. Alilishusha, akatia mnyororo na petroli kidogo, wakalitikisa yeye na msaidizi wake mpaka kutu yote ikatoka. Kwenye chujio la hewa panya walikuwa wamejenga. Kabureta, ile Zenith ya asili, ilikuwa imeziba. Nilimletea waya mwembamba azibulie vile vijitundu, akaukataa, kwa kuwa waya unatanua tundu na gari litakunywa mafuta maisha yake yote. Alivilowesha na kuvipuliza kwa pampu. Pointi, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, alizipiga msasa laini, akaliweka pengo lake milimita 0.40 kwa filagegi, kibati cha kupimia mapengo.

Siku ya kuwasha hakutumia tangi. Alitundika chupa ya petroli juu ya boneti, na mpira mwembamba ukashuka hadi kwenye kabureta kama dripu ya hospitali, ili ajue mafuta anayoyatumia ni safi. Msaidizi alikuwa ameunganisha waya za plagi kwa kufuata silinda 1-2-3-4, injini ikapiga mshindo kupitia kabureta, sote tukaruka. Mzee akazipanga upya, 1-3-4-2, ndivyo injini ile inavyowaka. Saa kumi na moja jioni ikashika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hakusema kitu.

Nilitaka kuliendesha siku hiyohiyo hadi barabarani. Mzee akafungua kofia ya distributa, akatoa rota, kile kidude kinachogawa umeme kwa plagi na bila hicho gari haliwaki, akaitia mfukoni akaenda nayo kwake. Breki zilikuwa hazijafanywa. Raba zote zilikuwa zimevimba na silinda za magurudumu zimeganda, na spea zilibidi zitoke Gerezani, Dar es Salaam, kwa basi. Wiki mbili nzima rota yangu ilikaa Ng'ambo. Niliudhika wakati ule, leo namshukuru.

Gharama: ufundi shilingi 700,000, spea 1,150,000, na matairi manne ya 7.50-16 nililipia mbali. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo nilibaki na bima tu na kadi, ambayo bado ina jina la baba na inasubiri mirathi.

Yasiyoniridhisha yapo. Akiwa chini ya gari simu hapokei, na ukimtaka leo utampata keshokutwa. Risiti haandiki, kwa hiyo andika mwenyewe kila spea inayoingia. Indiketa za nyuma bado zinachanganya kulia na kushoto, na difu inavuja oili; ameahidi kuja Jumamosi. Gia ya pili inakwaruza ukiiingiza kwa haraka. Pamoja na hayo, gari lolote la zamani nitakalokuwa nalo nitampelekea yeye kwanza.

Jumapili nilimpeleka mama Kwihara, taratibu, kilomita 40 kwa saa. Kile kirungu chekundu cha gia ndogo, ambacho baba alitukataza kukigusa tukiwa watoto, sikukigusa. Tulipopita nyumba za mwisho mama akaniambia nifungue vile vidirisha vya chini ya kioo cha mbele, baba alikuwa akivifungua hapohapo. Nikavuta. Vumbi la miaka 15 na majani makavu ya mwembe vikamwagika vyote kwenye kitenge chake. Hakuyakung'uta mpaka tulipofika.