Les Misérables ya London baada ya jukwaa linalozunguka

Mzanzibari anayepata nafasi ya kufika London na kununua tiketi ya Les Misérables katika ukumbi wa Sondheim, ulioko Shaftesbury Avenue, anapaswa kujua jambo moja kabla ya kutoa fedha zake: nyimbo atakazozisikia ni zile zile zilizoanza kuimbwa kwa Kiingereza mwaka 1985, lakini onyesho atakalolitazama ni jengine. Onyesho la asili lilifungwa tarehe 13 Julai 2019, na lile lililoshika nafasi yake mwezi wa Disemba mwaka huo huo lina waongozaji wengine, mbunifu mwengine wa jukwaa, taa zilizopangwa upya na muziki uliogawiwa upya kwa ala zake. Nimebahatika kuyatazama yote mawili, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya ndugu zangu wa Unguja na Pemba wanaouliza kama hili jipya linastahili kutazamwa. Jawabu langu ni kwamba linastahili, ila anayekwenda ajue ni kitu gani kimeondoka, kwa sababu kilichoondoka hakikuwa pambo.

Hadithi yenyewe inatokana na riwaya ya Victor Hugo iliyochapishwa mwaka 1862. Jean Valjean, mfungwa aliyeiba mkate, anatoka kifungoni baada ya miaka 19, anapata rehema kwa askofu, anabadilika, na kwa miaka mingi anaandamwa na Javert, mtumishi wa sheria asiyeamini kwamba mwanadamu hubadilika. Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg waliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo kwa Kifaransa, ukaonyeshwa Paris mwaka 1980. Miaka mitano baadaye mtayarishaji Cameron Mackintosh, kwa kushirikiana na Royal Shakespeare Company, aliuleta London kwa maneno ya Kiingereza ya Herbert Kretzmer. Ulifunguliwa katika ukumbi wa Barbican tarehe 8 Oktoba 1985. Wahakiki wengi wa magazeti waliukosoa vikali, lakini watu walijipanga foleni kwenye dirisha la tiketi, na kabla ya mwaka kumalizika ulikuwa umehamia Palace Theatre. Mwaka 2004 ukahamia Queen's Theatre, ukumbi ambao leo ndio unaoitwa Sondheim.

Waongozaji wa onyesho la asili walikuwa Trevor Nunn na John Caird, na jukwaa lilibuniwa na John Napier. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Napier aliliacha jukwaa karibu tupu na lenye giza, akaweka katikati yake duara kubwa la sakafu linalozunguka. Valjean alipotoka kifungoni alitembea juu ya duara hilo nalo likizunguka chini ya miguu yake, na mtazamaji aliona kwa macho yake maana ya mtu kutembea miaka bila ya kufika. Watu wa mji walipita mbele yake wakiletwa na kuondolewa na sakafu ile ile, kama kwamba dunia yenyewe ndiyo inayowasogeza. Hapakuwa na haja ya kuteremsha mapazia wala kusubiri watumishi wa jukwaa waburure samani gizani. Mandhari moja iliyeyuka ndani ya nyengine muziki ukiwa unaendelea. Kwa mchezo ambao karibu wote unaimbwa, na ambao unavuka miaka 17 ya historia ya Ufaransa, kuanzia 1815 hadi uasi wa Paris wa mwaka 1832, ufundi huo ulikuwa sawa na pumzi.

Kisha kilikuja kizuizi cha barabarani ambacho wanafunzi waasi wanakijenga kwa viti, magurudumu na mbao mbovu. Katika onyesho la asili kizuizi hicho kiliingia kwa vipande viwili vikubwa vilivyokutana katikati ya jukwaa na kuungana. Kwa kuwa kilisimama juu ya duara, kiliweza kugeuka, nasi tukakiona kwa pande zote mbili. Mtoto Gavroche alipovuka kwenda kuokota risasi za maiti, kizuizi kiligeuka tukawa pamoja naye upande wa hatari, tukimsikia akiimba na tukiona risasi zinavyomkatiza wimbo wake. Baada ya mapigano kizuizi kiligeuka tena, polepole, hakuna anayeimba, ni muziki peke yake, na upande wa pili ukatuonyesha Enjolras, kiongozi wa wanafunzi, amelala kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Sijapata kuona katika ukumbi wowote watu mia kadhaa wakinyamaza namna ile. Hakuna mwigizaji aliyekuwa akifanya lolote wakati huo; ni jukwaa peke yake lililokuwa likisema.

Mabadiliko hayakuja kwa ghafla. Mwishoni mwa mwaka 2009, kuelekea miaka 25 ya mchezo, Mackintosh alitayarisha onyesho jipya lililoanzia Cardiff na kuzunguka miji ya Uingereza, likiongozwa na Laurence Connor na James Powell, jukwaa likabuniwa na Matt Kinley. Mwaka 2010 onyesho hilo lilifika Barbican, na kwa muda wa wiki kadhaa mji mmoja ulikuwa na yote mawili, la zamani na jipya, kila moja katika ukumbi wake. Trevor Nunn alieleza hadharani kutoridhika kwake kwa kazi hiyo kufanywa bila yeye. Naona alikuwa na haki ya kuumia, kwa kuwa wengi wanaolipenda onyesho hili wanadhani wanaipenda hadithi ya Hugo au nyimbo za Schönberg pekee, ilhali sehemu kubwa ya kinachowaliza ni mpangilio wa watu na giza ambao yeye, Caird na Napier waliutunga. Toleo la London la asili liliendelea kwa miaka kadhaa baada ya hapo, hadi ukumbi ulipofungwa kwa matengenezo mwaka 2019, na ukumbi ulipofunguliwa tena, ni hili la Connor, Powell na Kinley lililoshika nafasi yake.

Sasa niliseme jipya kwa haki yake, maana lina uzuri ambao sitaki kuuficha. Victor Hugo hakuwa mwandishi tu, alikuwa mchoraji pia. Alichora maelfu ya picha, nyingi kwa wino mweusi na wa kahawia, wakati mwengine akitumia masizi na hata mashapo ya kahawa, na nyingi kati ya hizo alizichora akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey, huko huko alikoendelea kuiandika riwaya yake. Kinley amezichukua picha hizo na kuzifanya roho ya jukwaa. Majengo, mawingu na maji yanatokea nyuma ya waigizaji kwa projekta, yakiwa na ule ukungu wa wino wa Hugo, na taa za Paule Constable zinapita ndani yake kwa upole mkubwa. Nimefurahi kuona kwamba aliyeandika hadithi amepewa nafasi ya kuichora mwenyewe. Safari ya Valjean ndani ya mitaro ya maji machafu, akimbeba mgongoni Marius, mmoja wa wale wanafunzi, inapata kina ambacho jukwaa tupu halikukipata: picha zinasogea, mapango yanafunguka na kufunga, na mtu anahisi unyevu. Kujiua kwa Javert nako kumefanywa vizuri mno. Zamani daraja lilipanda juu naye akabaki akizungushwa na sakafu. Sasa maji ya mto Seine yanafunguka nyuma yake na yeye anaonekana kuanguka akituacha, na umauti wake unakuwa wa baridi zaidi. Katika mandhari hayo mawili naona onyesho jipya limelishinda la zamani.

Lakini Gavroche. Katika onyesho jipya kizuizi hakigeuki. Mtoto anakwea, anatokomea upande wa pili, nasi tunabaki na wanafunzi tukisikiliza. Wapo wanaosema kwamba kisichoonekana hutisha zaidi, na hoja hiyo naielewa. Kwangu mimi, hata hivyo, kumwacha mtoto afe mahali tusipomuona ni kutupunguzia mzigo ambao Hugo alitaka tuubebe. Enjolras naye sasa analetwa akiwa maiti juu ya mkokoteni. Ni picha nzuri, imepangwa kwa uangalifu kama mchoro, lakini ni picha tunayoletewa, wakati ile ya kwanza ilikuwa ukweli uliofunuliwa mbele yetu taratibu huku tukitamani usifunuliwe. Aidha, bila duara, watu huingia na kutoka kwa miguu yao na majengo husukumwa kutoka pembeni. Mambo yanakwenda kwa haraka zaidi, na ile hali ya miaka kupita imegeuka kuwa maandishi ya tarehe tu.

Sisi watu wa visiwa hivi tuna kipimo chetu katika suala hili, nacho ni taarab. Nadi Ikhwan Safaa imekuwapo tangu mwaka 1905, na hakuna hata mmoja katika walioianzisha aliye hai, lakini hakuna anayesema kwamba klabu ile si ile. Nyimbo za Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, ziliendelea kuimbwa na Bi Kidude mpaka naye alipotutoka mwaka 2013, na masikio yetu yakazipokea. Sauti hubadilika, wapigaji hurithiana, na tungo hubaki. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu watayarishaji wa London kwa kubadilisha watu. Michael Ball, aliyekuwa Marius wa mwaka 1985, aliimba nafasi ya Javert mwaka 2019 katika tamasha lililoonyeshwa ukumbi wa jirani wakati wa matengenezo, na hilo ni jambo la kupendeza kabisa. Ila tunajua pia kwamba ukiondoa udi, kanuni, nai na safu ya fidla, ukaweka kinanda kimoja cha umeme, wimbo unaweza kuwa ule ule na mkutano usiwe ule ule. Rusha roho, taarab ya kisasa, ina wapenzi wake, na hakuna anayeiuza kwa jina la taarab asilia. Kila moja ina siku yake na watu wake, na msikilizaji anajua anakwenda kusikiliza nini.

Kwa kipimo hicho, jambo linaloniudhi zaidi kuliko kuondoka kwa duara ni hesabu ya miaka. Mwaka 2025 mchezo uliadhimishwa kwa kutimiza miaka 40 London. Kama kinachohesabiwa ni nyimbo, hesabu ni sahihi na pongezi zinastahili. Kama kinachohesabiwa ni onyesho, basi lile la Nunn, Caird na Napier lilidumu karibu miaka 34 na hesabu yake ikafungwa. Ingekuwa heshima kwa wote wawili, wa zamani na wapya, bango la mlangoni likawaeleza watu hivyo, kwa maandishi yanayosomeka na mgeni aliyevuka bahari kwa ajili ya kile alichosimuliwa na wazazi wake.

Upande wa muziki, John Cameron ndiye aliyeupanga kwa ala mwaka 1985, na mpangilio wa sasa ni wa Stephen Metcalfe, Christopher Jahnke na Stephen Brooker. Vinanda vya umeme vilivyokuwa alama ya miaka ya themanini havisikiki tena kwa ukali ule, nyuzi zimepata nafasi ya kupumua, na ngoma zina nguvu, wakati mwengine kupita kiasi. Okestra ingali hai chini ya jukwaa, na hilo si dogo. The Phantom of the Opera, mchezo mwengine mkongwe wa mji huo, ulipofunguliwa tena Julai 2021 baada ya kufungwa kwa sababu ya Uviko-19, wanamuziki wake walikuwa wamepunguzwa kutoka 27 hadi 14. Aliyekaa mbele ya Culture Musical Club, kikundi chetu cha taarab, ikiwa imetimia, akasikia bashraf, muziki wa ala peke yake, inavyofungua usiku, hahitaji kufafanuliwa maana ya kupoteza nusu ya wapigaji.

Waigizaji hubadilishwa mara kwa mara, hivyo sitawataja niliowasikia. Itoshe kusema kwamba kiwango cha uimbaji ni cha juu na kila neno linasikika vizuri. Hata hivyo maneno hayo ni ya Kiingereza kinachoimbwa kwa kasi, na wahusika ni wengi. Ningemshauri yeyote anayekwenda kwa mara ya kwanza aisome hadithi kwanza, hata kwa muhtasari, hasa sehemu ya Fantine na mtoto wake Cosette, ambayo hupita upesi mno ukilinganisha na uzito wake.

Kuhusu viti, onyesho la asili lilipendeza zaidi likitazamwa kutoka juu, kwa kuwa duara na nyayo za watu zilionekana zikichora njia zao sakafuni. Hili jipya ni la kutazamwa kutoka mbele, macho yakiwa sambamba na picha za nyuma. Kwa hiyo anayechagua ghorofa ya chini asikubali safu za mwisho kabisa zilizo chini ya roshani, kwa sababu sehemu ya juu ya jukwaa inaweza kumkatika, na huko juu ndiko yaliko mawingu ya Hugo. Onyesho huchukua karibu saa tatu pamoja na mapumziko. Watoto wadogo watachoka, na mandhari ya bandarini yenye wanawake wanaouza miili yao hayawafai. Kijana wa sekondari anayesoma historia au fasihi ni wa kupelekwa bila kusitasita, na akitoka nje aelezwe jinsi kizuizi kile kilivyokuwa kikigeuka.