Alama ya RMI kwenye garaji za Jo'burg: uzoefu wangu nikiwa Lubumbashi

Wenzangu wanaoleta magari kutoka Afrika Kusini huniuliza kama ile alama ya RMI inayobandikwa kwenye milango ya garaji za Jo'burg ina faida yoyote kwa mtu wa Lubumbashi. Mimi nimeitumia. Faida inayo, ila haitoki pale watu wanapodhani, na gari likishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo nguvu yake inapungua sana.

RMI ni chama cha wafanyabiashara wa magari wa nchi ile, kipo tangu mwaka 1908. Ndani yake mna vyama vidogo, kila kimoja na kazi yake: MIWA ni wenye garaji za ufundi, SAMBRA ni wanyoosha bodi, NADA ni wauzaji magari wenye maduka rasmi. Viwanda vyenyewe, akina Toyota na Ford, vina chama chao tofauti kinachoitwa naamsa, ndicho kinachotoa hesabu za mauzo ya magari kila mwezi. Huko usipeleke kilio cha giaboksi.

Kilio changu kilikuwa cha giaboksi. Nina Hilux ya dizeli, volani kulia kama magari mengi ya hapa kwetu, inabeba mizigo. Ikiwa bado Jo'burg, gia ya pili ilianza kuruka. Shemeji yangu anayeishi Yeoville akaipeleka kwenye garaji moja yenye alama ya MIWA mlangoni; jina lake nalihifadhi. Wakafungua, wakabadilisha piesi (spea), wakalipwa, wakatoa risiti. Gari likapita mpaka wa Beitbridge, likapita wa Chirundu, na kabla halijafika Kapiri Mposhi, Zambia, gia ya pili ikarudia mchezo wake. Dereva aliingia Lubumbashi akiwa ameikamata ile gia kwa mkono wa kushoto njia nzima, kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kukimbia.

Tulipopiga simu garaji, tukaambiwa turudishe gari waliangalie. Zaidi ya kilomita 2,000, mipaka mitatu, mafuta, posho ya dereva, na kila kizuizi cha njiani na mwenye nacho. Hilo ni jibu la mtu anayejua kwamba hutarudi.

Shemeji ndiye aliyesema tuiandikie RMI. Nilicheka. Kile ni chama cha waajiri! Mishahara ya sekta inapojadiliwa kwenye baraza lao la MIBCO, RMI wanakaa upande wa wenye garaji na chama cha wafanyakazi, NUMSA, kinakaa ng'ambo ya meza. Ada wanalipa wenye garaji, mimi silipi hata franga moja. Sasa kitanisemea mimi dhidi ya anayekilisha?

Kumbe nilipaswa kuuliza ni kitu gani kinachouzwa pale. Mwenye garaji analipa ada ili mteja akiiona alama aingie kwake, ampite jirani asiye nayo. Siku alama ikionekana haina maana, hasara inawafikia hata wanachama ambao hawajawahi kumdhulumu mtu. Kwa hiyo chama kikinisikiliza, huruma haihusiki. Kinalinda mali ya wanachama wake wengine, na mimi nimesimama mahali ambapo mali hiyo na haki yangu vinakutana. Mpangilio huu naupenda kuliko hisani, maana hisani inategemea umemkuta nani ofisini.

Basi tukaiandikia RMI. Walichotaka kwetu ni risiti, tarehe ya kazi, kilomita zilizosomeka gari lilipotengenezwa na lilipoharibika tena, na uthibitisho kwamba tulikwisha kuiandikia garaji yenyewe kwanza. Halafu jambo moja ambalo nawaomba watu wa huku walishike sana: giaboksi isiwe imefunguliwa na mtu mwingine. Fundi wangu wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, alikuwa tayari na spana mkononi. "Papa, niache niifungue, nikuonyeshe ubovu uko wapi." Nikamwambia fundi, weka spana chini. Angeifungua, garaji ingesema yeye ndiye aliyeharibu, na nani angebisha? Badala yake tulipiga video gari likitembea na gia ikiruka yenyewe, kisha tukamwaga mafuta ya giaboksi kupitia nati ya chini na kuyapiga picha yakiwa kwenye beseni, yakimeta vipande vya chuma. Ile picha naamini iliongea kuliko barua zetu zote. Barua, kwa njia, ziandikwe Kiingereza. Kifaransa chetu kizuri cha ofisini hakikusaidii huko.

Kuna na sheria, ambayo sikuijua kabisa kabla ya hapo. Sheria yao ya kumlinda mteja, ya mwaka 2008, kifungu cha 57, inasema piesi yoyote mpya au iliyokarabatiwa ikifungwa kwenye matengenezo ina garanti ya miezi mitatu tangu ifungwe, pamoja na kazi ya kuifunga. Ukiitumia vibaya, garanti inakufa. Risiti yetu ilipigwa muhuri kwamba gari likitoka getini hakuna garanti. Chama kiliwakumbusha kifungu hicho, na lugha ya garaji ikabadilika: kutoka "leteni gari" ikawa "tutasaidianaje".

Walitoa seti mpya ya sinkro, vile vyuma vinavyosaidia gia kuingia kwa ulaini, bure, akakabidhiwa shemeji, na wakarudisha sehemu ya fedha ya ufundi ili kazi ifanyike hapa Lubumbashi. Sehemu, si yote. Chama ni mpatanishi, hakimu hayumo ndani yake, na fimbo yake kubwa ni kumfukuza mtu uanachama. Asiye mwanachama hawana cha kumtisha nacho. Kwa huyo, mlango ni MIOSA, msuluhishi wa sekta nzima ya magari kule. Ndiyo maana nasema kabla hujatoa pesa, uliza kwa chama chenyewe kama garaji ile bado ni mwanachama. Karatasi ya mlangoni inaweza kubaki gundi yake ikiwa imara kuliko uanachama wenyewe.

Hapa kwetu? FEC ipo, inakusanya makampuni, lakini fundi wa chini ya mwembe kule Katuba hayumo humo. Mkigombana naye, mnaenda kwa mzee aliyemfundisha kazi. Mzee anasikiliza, anapapasa piesi, anaamua, na mara nyingi anaamua haraka kuliko chama chochote chenye ofisi. Nimeshaona akimrudishia mteja pesa kutoka mfuko wa kijana wake. Shida ni kwamba mamlaka ya mzee yanaishia kwa vijana aliowalea. Akija fundi aliyejifunzia Kolwezi au Likasi, mzee hana la kumwambia, na mteja mgeni hatajua hata mzee mwenyewe ni nani. Mafundi wetu wangeweza kujipanga, wawe na daftari la majina na alama yao, hata ikiwa ya mtaa mmoja tu. Nimewaambia. Wanataka kwanza kujua nani atakuwa prezida.

Kwa anayenunua au kutengeneza gari Jo'burg na ana ndugu kule wa kufuatilia, naipa RMI nne juu ya tano. Kama huna mtu kule, toa mbili, maana barua, piesi na pesa zote zinahitaji mikono ya kuzipokea.

Fundi wa Kamalondo alifunga ile seti, na Hilux inaenda Likasi na sementi bila gia kuruka. Ushuru wa duane kwa piesi ambazo nilipewa bure nililipa mwenyewe Kasumbalesa, na huo hakuna aliyejitolea kuurudisha.