Siku tano za kujifunza GPS ya upimaji: nililipa ada, nikaambiwa nishike fimbo

Maoni haya nimeyaandika na kuyafuta mara mbili. Mara ya kwanza nilitoa nyota moja. Mara ya pili nikatoa nne, zote kwa ajili ya mzee mmoja. Leo hasira imenirudia na sababu yake nitaieleza mwishoni. Soma, kisha amua mwenyewe kama utapeleka laki nane zako pale.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka minne nimekuwa msaidizi wa mpima ardhi: nabeba miguu mitatu, nafyeka, napigilia vigingi, nashika fimbo ya kioo huku bosi akichungulia kwenye mashine ya zamani. Mwaka jana bosi alinunua seti ya GPS ya kisasa, besi na rova, akaniambia, "Ukijifunza hii, utapima mwenyewe." Nikachanga. Nikauza mbuzi wawili. Nikapanda basi la alfajiri kwenda Kampala, kwenye kampuni moja inayouza vifaa vya upimaji na kuendesha mafunzo. Jina lake siliandiki hapa.

Siku mbili za kwanza ni za darasani, sina mengi ya kusema. Setilaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China, ziko juu kilomita elfu ishirini hivi, unahitaji angalau nne ili ujue ulipo. Michoro mizuri, projekta nzuri, chai ya maziwa saa nne. Mwalimu, kijana msomi mwenye viatu safi, alisema Kiingereza na kuchanganya Luganda. Sisi watu wa mipakani (mimi, kaka mmoja wa Mutukula, wawili wa Arua na kijana Mkongomani aliyetoka Nakivale, kambi ya wakimbizi) tulitafsiriana kwa Kiswahili pale nyuma. Hilo halikuniudhi. Kilichoniudhi kidogo ni kwamba tulikuwa watu 14 na seti ya mashine ni moja tu.

Siku ya tatu tukapelekwa uwanjani, Kayabwe, barabara ya Masaka, kwenye shamba la kahawa lenye nyumba mbili za mabati. Tulitakiwa kufika saa mbili asubuhi. Sisi tulifika. Mwalimu alifika saa nane mchana, akaisingizia foleni ya Kampala. Akasimamisha besi haraka haraka chini ya anga wazi, akawasha, na kwenye kontrola, kile kidude cha mkononi chenye skrini, akabonyeza kitufe kimoja.

Kitufe hicho naomba ukielewe, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo.

Besi ni mashine inayokaa mahali pamoja bila kusogea. Kazi yake ni kujua pale ilipo, kusikiliza setilaiti, na kila sekunde kuitumia rova kwa redio masahihisho: "Setilaiti zinakosea kiasi hiki, punguza." Rova, ile unayotembea nayo juu ya fimbo ya mita mbili, inaiamini besi kabisa, haina pa kuuliza kwingine. Sasa besi inajuaje ilipo? Njia ya haki ni kuiweka juu ya alama ya upimaji ambayo koodineti zake, yaani namba za mahali ilipo, zinajulikana, ukaziandika wewe mwenyewe. Njia ya mkato ni kubonyeza kitufe ambacho mimi nakiita "Hapa": mashine inajikadiria yenyewe ilipo, kama simu yako inavyojikadiria, na makadirio hayo yanaweza kukosea mita moja, mbili, tatu. Baada ya hapo skrini itakuandikia "fikisi", yaani rova imeshika kipimo chake kwa uhakika, na sentimita moja, na ni kweli, ni sentimita moja kutoka kwenye besi. Lakini kama besi imesema uongo wa mita mbili, rova itaurudia uongo huo kwa uaminifu mkubwa shamba zima.

Mwalimu alibonyeza "Hapa". Hakutueleza. Tukapima kona za shamba mpaka giza likaanza kuingia na skrini ikawa inapoteza fikisi kila mara. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama hewa ya juu kabisa huchafuka na mawimbi ya setilaiti hutetemeka. Mtu anayefundisha upimaji Uganda analijua hilo, ndiyo maana kazi huanza asubuhi.

Siku ya nne akaja tena saa nane. Akasimamisha besi tena, akabonyeza "Hapa" tena, tukaendelea na upande wa pili wa shamba kana kwamba ni kazi ile ile. Kulikuwa na msumari katikati ya zege, umezungushiwa rangi nyekundu, ambao nilikuwa nimeupima jana yake. Kwa mazoea niliyopewa na bosi wangu, nikaurudia. Ncha ya fimbo nikaiweka kwenye kile kishimo kidogo cha kichwa cha msumari, kiputo cha kwenye fimbo, kinachoonyesha kama imesimama wima, nikakituliza katikati ya duara, nikahesabu sekunde zangu. Nikalinganisha na daftari. Mashariki, tofauti mita 1.12. Kaskazini, mita 1.46. Nikaweka kwenye kikokotoo cha simu: mita 1.84 kwa msumari ambao haujahama hata unywele.

Mikono ilianza kunitetemeka. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, vile vinavyouzwa kila mji wa Uganda, upana wake ni mita 15 na kidogo. Mita 1.84 ni zaidi ya sehemu ya kumi ya upana huo. Hapo kinaingia choo, ukuta wa jirani, kaburi la babu wa mtu. Kwetu nimeona ndugu wa tumbo moja wakishikiana panga kwa hatua mbili za mpaka.

Nikamfuata. Nikamwambia kwa heshima, mbele ya wenzangu, "Mwalimu, msumari ule wa jana leo umesogea karibu mita mbili, naomba tuangalie besi." Hakuangalia daftari langu. Aliangalia skrini, akasema imeandika fikisi, na fikisi ni fikisi. Nikasema, samahani mwalimu, lakini msumari ni ule ule. Ndipo akanigeukia akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Nnyabo (yaani mama), wewe kazi yako ni kushika fimbo. Shika fimbo."

Watu wengine wakacheka. Nikashika fimbo. Nakumbuka nilikitazama kile kiputo ili nisitazame uso wa mtu, na kilikataa kabisa kukaa katikati kwa sababu mkono wangu haukutulia. Nimeitwa mengi kazini, jua limenichoma, mbwa wamenikimbiza. Ila sijawahi kulipa laki nane ili nitukanwe kwa kosa la kuwa sahihi.

Hapo ndipo nilipotaka kupanda teksi nirudi Busia. Kama ningeondoka, maoni haya yangekuwa mafupi.

Kampuni ilikuwa na mzee mmoja wa kubeba na kutunza vifaa, mwanajeshi mstaafu, sote tukimwita Afande. Mwalimu alipoondoka kupokea simu ndefu, Afande alinijia na rolex mbili, zile chapati za kuviringishwa na mayai, zimefungwa kwenye gazeti, akanipa moja, akasema kwa Kiswahili kile cha kambini, kizito na cha polepole, "Mwanangu, umeona vizuri. Usiliache daftari lako."

Nikamwambia, "Shikamoo, Afande," kwa sababu sikuwa na neno lingine, na machozi yalikuwa karibu.

Alichuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye vumbi. Huu ni uongo wa jana, huu ni uongo wa leo, kila mmoja una mwelekeo wake. Akanifundisha kwa muda wa kula chapati mambo ambayo projekta haikuyasema kwa siku mbili. Besi ikae juu ya alama inayojulikana. Kimo cha antena kipimwe mara mbili, na uandike kama umepima wima au kwa mshazari. Kabla ya kugusa kona ya mtu yeyote, rova iende kwanza kwenye alama ya pili inayojulikana, na isipokubali, hakuna kazi. Kila kona ipimwe, iachwe, irudiwe baada ya saa nzima setilaiti zikiwa zimehama. Na yote yaandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu mvua inaufuta.

Kisha akatuchukua sisi watano, akatupeleka barabarani pale watalii wanapopigia picha kwenye yale maduara ya zege ya ikweta. Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuoneshwa katika kazi hii. Alituambia tutembee na rova kuelekea kusini, upande wa Masaka, macho kwenye skrini. Ramani zetu rasmi za zamani, pamoja na za Kenya na Tanzania, zimejengwa juu ya datamu (yaani msingi ambao koodineti huhesabiwa kutoka kwake) iitwayo Arc 1960, siyo ile ya setilaiti. Kwa koodineti za setilaiti tulishavuka ikweta. Kwa Arc 1960 bado, namba ya kaskazini, yaani mita kutoka ikweta, ilikuwa inapungua taratibu: mia mbili, mia moja, hamsini. Tukatembea mita kama 300 kutoka kwenye mstari wa ikweta unaoonyeshwa na simu ndipo ikasoma sifuri. Hatua moja zaidi akatwambia tubadilishe kwenda kanda ya kusini, na namba ikaruka hadi milioni tisa, laki tisa, elfu tisini na tisa na mia tisa na kitu, kwa sababu kusini mwa ikweta hesabu huanza na milioni kumi na kushuka.

Kijana wa Nakivale alipiga kelele ya furaha. Kaka wa Mutukula akasema, "Kumbe ndiyo maana mawe ya mpaka ya kwetu hayapatikani na simu!" Kweli kabisa. Mtu akichukua koodineti za hati ya zamani akaziingiza kwenye simu bila kubadili datamu, atachimba shamba la mtu mwingine mita 300 mbali na jiwe lake, na atarudi akisema jirani ameling'oa.

Jioni Afande akanisaidia kuokoa kazi. Kwa kuwa kulikuwa na alama ya kujulikana upande wa pili wa barabara, tuliipima kwa besi ile ile ya siku ya nne, tukapata kosa la siku hiyo. Msumari wangu mwekundu, uliopimwa siku zote mbili, ukatupa kosa la jana. Tukasogeza pointi zote kwa tofauti hizo na pande mbili za shamba zikakutana, sentimita mbili tu zimebaki. Nilitaka kumkumbatia.

Siku ya tano mwalimu alionyesha ramani hiyo ukutani akaisifu. Hakuuliza nani aliirekebisha. Afande alikuwa mlangoni anakunja nyaya.

Kwa hiyo nilirudi Busia na nyota nne moyoni. Nilisema, mwalimu ni mbaya lakini mahali ni pazuri, mtu aende amtafute Afande. Nilipima kazi yangu ya kwanza, shamba la kimila la mama mjane anayetafuta cheti chake cha umiliki, kila kona mara mbili, na bosi alipokagua kwa mashine ya zamani hakukuta cha kusahihisha. Nilijisikia mtu. Fedha yangu ilikuwa imerudi.

Lakini fikiria vizuri nilikuwa nasifu nini. Wanafunzi 14 walilipa. Watano tulifundishwa, tena pembeni, na mtu asiyelipwa kufundisha, kwa sababu tulielewa Kiswahili chake. Wale tisa wengine waliondoka na cheti na kitufe.

Na hata sisi watano, siyo wote. Juzi usiku kaka wa Mutukula alinipigia simu. Amepata kazi yake ya kwanza kubwa, viwanja kumi na viwili, siku mbili za kupima, na mstari wa siku ya kwanza haukutani na wa siku ya pili. Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

Nikamuuliza, "Kaka, besi uliiweka juu ya nini?"

Akanyamaza. Halafu akasema alama ya zamani hakuiona, majani yalikuwa marefu, mwenye shamba ana haraka, na darasani mwalimu si alikuwa anabonyeza tu?

Nikamwambia asimwage saruji kwenye mawe mpaka arudie. Akasema saruji imekauka tangu Jumanne, na wanunuzi wawili wameshaanza kuchimba msingi.

Nimeirudisha ile nyota moja.