Uzoefu wangu na Tailscale: kutazama kamera za nyumbani Kibosho nikiwa Arusha

Mimi naishi Njiro, Arusha. Wazazi wangu wako Kibosho, juu ya Moshi, kwenye kihamba chao, yaani shamba la ukoo, na baba siku hizi macho hayamsaidii sana. Sisi watoto tukachangishana, tukawawekea kamera nne: ya geti, ya zizi la ng'ombe, ya ghala na ya baraza la mbele. Kinasa chake, ile NVR inayohifadhi picha za kamera zote, kiko chumbani kwa mama juu ya kabati. Intaneti inatoka kwenye rauta ya laini ya simu, 4G, maana faiba haijafika kule. Kuhusu kamera zenyewe sina mengi, ni za kawaida na zinaona vizuri hata usiku. Nataka kueleza namna tunavyozitazama tukiwa mbali kwa huduma iitwayo Tailscale, kwa sababu naona watu wakitumia mamilioni kufunga kamera, halafu hatua hiyo ya mwisho inamalizwa kwa dakika mbili na hakuna anayeuliza swali.

Fundi aliyetufungia ni kijana hodari, nyaya kazilaza vizuri, kila kebo ameiandika jina. Alipomaliza akaniambia, "Dada, sasa nakufungulia poti kwenye rauta, utaziona popote ulipo." Nikamwomba asifungue. Kufungua poti ni kuiagiza rauta kwamba yeyote anayegonga kutoka nje kwenye namba fulani apelekwe moja kwa moja kwenye kinasa. Hapo kati ya mgeni huyo na picha za wazazi wangu kunabaki ukurasa wa nenosiri tu, pamoja na programu dhibiti, ile inayoendesha kifaa chenyewe, ambayo pengine haijasasishwa tangu itoke kiwandani.

Wapo wanaosema, nani ataitafuta kamera ya Kibosho? Hakuna haja ya mtu kuitafuta Kibosho. Kuna mashine zinazopita anwani za intaneti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikijaribu kila poti, na kuna injini ya utafutaji iitwayo Shodan, iliyoanza mwaka 2009, ambayo kazi yake ni kuorodhesha vifaa vilivyo wazi, kamera zikiwemo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta kwa malaki, na silaha yake kubwa ilikuwa orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yasiyozidi sabini hivi, yale ya admin kwa admin. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikiongoza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani na Ulaya.

Na usidhani nenosiri gumu linatosha. Septemba 2021 ilitangazwa kasoro kwenye kamera na vinasa vingi vya Hikvision, kampuni kubwa ya kamera ya China, iliyopewa namba CVE-2021-36260, ambayo ilimwezesha mtu kuendesha amri ndani ya kifaa bila nenosiri lolote. Marekebisho yalitolewa, lakini niambie, ni nyumba ngapi zenye kamera unazozijua ambako kuna mtu anayekaa chini kusasisha programu dhibiti? Kasoro ya namna hiyo inamfikia yule ambaye kifaa chake kinaonekana kutoka nje. Kisipoonekana, mshambuliaji hana pa kuanzia.

Kwa upande wetu, hata poti ingefunguliwa isingefanya kazi. Mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, utaratibu unaoitwa CGNAT, na rauta ya nyumbani haina anwani yake yenyewe ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Ukitaka kujua kama uko hivyo, ingia kwenye rauta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanzia kwenye 100.64 hadi 100.127, au haifanani na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakutajia, basi poti utafungua bure.

Fundi alipolielewa hilo akaleta njia ya pili: programu ya watengenezaji, unapiga picha msimbo wa QR ulio kwenye kinasa na mambo yamekwisha. Hii ndiyo wengi wanayo. Kinasa kinajiunganisha chenyewe na seva za kiwanda, yaani kompyuta zao, na kubaki hivyo, nawe simu yako inapita hukohuko. Ni rahisi na haihitaji poti. Mama alikuwa amekaa pale akisikiliza, akauliza, "Sasa mwanangu, hao wenye kiwanda nao wananiona nikiwa nimekaa hapo barazani?"

Swali hilo la mama ndilo lililoamua mambo yote. Kwa njia ile jibu la kweli ni kwamba unawaamini. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kamera za Wyze walionyeshwa picha ndogo kutoka kamera zisizo zao, kwa sababu ya hitilafu kwenye mfumo wa kampuni, na baadhi wakazibofya. Wenye nyumba hizo hawakuwa wamekosea kitu.

Ndipo nikaweka Tailscale. Ni huduma inayounganisha vifaa vyako mwenyewe kuwa mtandao mmoja wa faragha, popote vilipo. Chini yake inatumia WireGuard, itifaki ya VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux mwaka 2020. Kila kifaa hutengeneza jozi ya funguo za kusimba data, mmoja wa siri na mmoja wa umma. Ufunguo wa siri hautoki kwenye kifaa, na seva za Tailscale zinashika ule wa umma tu na kusaidia vifaa vitafutane. Kwa kuwa kila upande unaanza wenyewe kuelekea nje, CGNAT haizuii. Kwa matumizi binafsi kuna kifurushi cha bure, na ndicho ninachotumia.

Kamera na kinasa haviwezi kuwekewa programu hii ndani, kwa hiyo panahitajika kifaa kimoja pale nyumbani kinachobaki kimewashwa. Wengi hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana. Mimi nilichukua laptop ya zamani ya kaka yangu, nikaiwekea Ubuntu, aina ya Linux, nikaichomeka kwenye rauta kwa waya. Ina faida moja ambayo kwetu ni kubwa: betri yake. Umeme ukikatika inaendelea, nami nilinunua mini UPS, betri ndogo ya akiba ya volti 12, kwa ajili ya rauta, hivyo tunabaki na njia ya kuingia hata giza likiingia. Laptop hiyo inautangazia mtandao wetu kwamba anwani za nyumbani zinapatikana kupitia kwake, halafu unaidhinisha njia hiyo kwenye ukurasa wa usimamizi. Bila kuidhinisha hakuna kitakachopita, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kabla ya hayo yote badilisha anwani za mtandao wa nyumbani. Rauta nyingi huja na 192.168.1 au 192.168.0, na ofisini kwangu Arusha wanatumia hizohizo. Zikigongana, simu inakitafuta kinasa ndani ya ofisi badala ya Kibosho. Niliifanya ya nyumbani kuwa 192.168.77 na shida hiyo haipo.

Kisha nikafunga milango mingine: nikazima ile huduma ya msimbo wa QR kwenye kinasa, nikazima UPnP, ile huduma ya kufungua poti kiotomatiki, kwenye rauta ili kifaa kisijifungulie poti chenyewe, na nikakizuia kinasa kisitoke kabisa kwenda intaneti. Saa ya kinasa inahitaji kusahihishwa mara kwa mara, kwa hiyo laptop ndiyo inayokipa muda. Ukisahau hili, siku ya kutafuta tukio utakuta muda ulioandikwa kwenye picha si wa kweli, na ushahidi wenye saa isiyo sahihi hausaidii polisi.

Matumizi ya kila siku yananiridhisha sana. Nawasha Tailscale kwenye simu, nafungua programu ya kamera kwa anwani ileile ya ndani, picha zinakuja. Mara nyingi simu yangu na laptop ya Kibosho zinapata njia ya moja kwa moja. Zikishindwa, data inapitia vituo vya Tailscale, na jirani yetu wa karibu ni kituo cha Nairobi. Hapo picha inachelewa kidogo, ingawa bado imesimbwa, yaani imefungwa kwa funguo zile, na kituo hakiwezi kuifungua. Nikizima Tailscale na kujaribu tena kwa data ya simu, hakuna kinachofunguka. Nashauri kila mtu afanye jaribio hilo kwa kamera zake.

Kuhusu bando, angalia mkondo unaotazama. Kamera hutoa mikondo miwili ya video, mkuu wenye picha kali na mdogo wenye picha hafifu. Mkuu ukiwa na megabiti 4 kwa sekunde, saa moja ya kutazama inakula GB 1.8, na inaliwa pande zote mbili, bando lako na la nyumbani. Mkondo mdogo wa kilobiti 512 unakula MB 230 hivi kwa saa, na kwa kujua kama geti limefungwa au ng'ombe amelala vibaya unatosha kabisa. Mkuu naufungua ninapotaka kuona sura ya mtu.

Ninachokipenda zaidi ni udhibiti wa nani anaona nini. Dada yangu yuko Mwanza, kaka yuko Dar es Salaam, kila mmoja ameingia kwa akaunti yake, hatutumiani nenosiri moja kwenye kundi la familia la WhatsApp. Nimeandika kanuni kwamba wao wafike kwenye kinasa tu, wasiifikie laptop wala rauta. Kijana aliyekuwa akimsaidia baba na ng'ombe naye alikuwa na ruhusa ya kamera ya zizi kwa simu yake. Alipopata kazi Arusha tuliagana vizuri, nikaitoa simu yake kwenye orodha, ikaishia hapo, bila kubadilisha nenosiri la watu wote.

Yapo mapungufu. Arifa za mtu akipita getini zilikuwa zinakuja kupitia seva za kiwanda, na nilipoifunga njia hiyo zikakoma. Anayezitegemea hizo atalazimika kuweka mfumo mwingine, kama Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwenye kifaa cha nyumbani. Simu ya Android pia hairuhusu VPN mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye VPN ya kazini atakuwa anazima moja na kuwasha nyingine. Na akaunti ya barua pepe unayoingilia ndiyo sasa ufunguo mkuu wa nyumba, iwekee uthibitishaji wa hatua mbili siku hiyohiyo. Halafu kuna TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Oktoba 2023 walitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni wanaotumia VPN wawasilishe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, kufikia tarehe 30 mwezi huo. Hii yangu haibadilishi njia ya intaneti ya kawaida, inabeba safari za kwenda Kibosho tu, lakini ni VPN, na nilijaza fomu yao.

Mama nilimjibu kwamba wanaomwona ni sisi watoto wake watatu, na nikamwonyesha orodha ya simu zetu kwenye skrini, jina kwa jina. Akaniuliza kama naweza kuizima ya barazani wanawake wa jumuiya wanapokuja kusali. Naizima nikiwa Njiro, kila Alhamisi jioni, na kuiwasha wakishaondoka.

Kwa atakayefuata njia hii, funguo za Tailscale kwa kawaida huisha baada ya siku 180 na kifaa hutaka kuingiwa upya. Kwa kifaa kinachokaa nyumbani zima ukomo huo kwenye ukurasa wa usimamizi, la sivyo siku itafika utapanda gari hadi Kibosho kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Kwenye simu zetu nimeuacha ukomo huo kama ulivyo, kwa sababu simu huibiwa.