Cusco, Bonde Takatifu na Ziwa Titicaca: uzoefu wangu katika milima ya Andes, Peru

Wasafiri wengi wanaokwenda kusini mwa Peru hupanda ndege Lima, hushuka Cusco, na kufikia jioni huwa wameshaanza kuumwa kichwa. Lima iko pwani, ilhali Cusco iko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atakumbuka kwamba kambi ya Horombo, ambayo wapandaji huifikia siku ya pili ya kutembea, iko mita 3,720. Ndege ya Lima humfikisha mtu karibu na kimo hicho kwa saa moja na ushei, bila kuupa mwili nafasi ya kuzoea. Kwa sababu hiyo sikulala Cusco nilipofika, bali niliteremka moja kwa moja hadi Ollantaytambo, katika Bonde Takatifu la Wainka, watu waliotawala milima hii kabla ya Wahispania, kwenye kimo cha mita 2,800 hivi, na ninamshauri kila msafiri afanye vivyo hivyo.

Ollantaytambo ndio mahali ninapopapa alama za juu kabisa katika safari nzima, nikijua kwamba wapenzi wa Machu Picchu, magofu mashuhuri ya mji wa Wainka, hawatakubaliana nami. Wengi huupitia mji huu mbio kuelekea stesheni ya treni, kumbe mitaa yake ingali ile iliyopangwa na Wainka, yenye mifereji ya maji kandokando na kuta za mawe ambazo ndani yake familia bado zinaishi, zinapika na kufua nguo. Juu ya mji yapo matuta marefu yanayopanda hadi kwenye hekalu ambalo halikukamilika, na hapo yamesimamishwa mapande sita makubwa ya mawe yaliyochongwa katika machimbo ya Kachiqata, ng'ambo ya mto Urubamba. Ukisimama hapo ukayatazama machimbo yenyewe mlimani, kisha ukaupima kwa macho mto ulioko katikati, utaelewa ukubwa wa kazi ile kuliko maelezo ya kiongozi yeyote wa watalii. Ni hapa pia ambapo Manco Inca, mtawala wa Wainka, aliwarudisha nyuma Wahispania walioongozwa na Hernando Pizarro mnamo 1537. Mlima wa pili, Pinkuylluna, una maghala ya kale ya chakula. Kuupanda hakuna kiingilio, ingawa njia yake ni kali na haifai kwa mwenye magoti mabovu.

Kutoka bondeni nilikwenda Moray na Maras kwa gari la kukodi. Moray ina matuta ya mviringo yaliyozama ardhini. Yanapendeza, lakini nusu saa inatosha. Maras ni jambo jingine. Maji ya chumvi hutoka kwenye chemchemi na kugawanywa kwa vijifereji hadi kwenye maelfu ya vidimbwi vinavyomilikiwa na familia za hapo, jua likayakausha na chumvi ikabaki. Aliyewahi kuona vidimbwi vya Katwe, Uganda, ataitambua kazi hiyo mara moja, ila hivi vya Maras vimetundikwa ubavuni mwa mlima. Kiingilio chake hakimo katika tikiti ya pamoja ya watalii inayotumika Moray, Pisac, Ollantaytambo na Sacsayhuamán, kwa hiyo beba fedha taslimu.

Machu Picchu, kwenye mita 2,430, inastahili sifa zake, lakini huduma inayoizunguka inachosha. Hakuna barabara ya magari kutoka Ollantaytambo. Msafiri wa kawaida hupanda treni hadi Aguas Calientes, mji mdogo ulio chini ya magofu, kisha basi hadi langoni, na nauli za vyote viwili ni ghali kwa umbali ule. Tikiti hutolewa kwa saa maalumu na kwa njia maalumu ndani ya magofu, na ukishapita sehemu huruhusiwi kurudi nyuma. Wakala mmoja niliyemwendea alitaka kuniuzia njia ya juu pekee, ambayo hukupa picha nzuri ya mji lakini haikuingizi kati ya majengo, bila kunieleza tofauti hiyo. Soma jina la njia kwenye tikiti kabla ya kulipa, na uchukue pasipoti yako, kwani hukaguliwa mlangoni.

Kuitembelea Cusco nilikuacha hadi baadaye, mwili ulipokwisha kuzoea. Kivutio changu kilikuwa Qorikancha, hekalu la jua ambalo Wahispania walijenga juu yake monasteri ya Santo Domingo. Tetemeko la mwaka 1950 liliharibu vibaya jengo la monasteri, huku kuta za Wainka zikibaki imara. Mawe yake yameshikana bila udongo wala saruji.

Puno, kando ya Ziwa Titicaca, ni mji wa kupita tu. Ziwa lenyewe liko mita 3,812, na baridi yake ya usiku, hasa Juni na Julai, haina mzaha. Visiwa vya Uros, vilivyofumwa kwa matete ya totora, vilinipa hisia za duka zaidi ya makazi, kwani kila mazungumzo yaliishia kwenye bidhaa. Kisiwa cha Taquile ni bora zaidi: wanaume ndio hufuma kofia kwa sindano, hata wakiwa wanatembea, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi wa nguo wa kisiwa hicho. Kutoka gatini kuna ngazi nyingi za mawe, kwa hiyo mizigo mizito iachwe Puno.