Ofseti ya rimu za Forester: njia ya kununua na njia ya kuiacha

Geuza rimu uangalie mgongoni. Namba kama ET48 au +48 ndiyo ofseti: milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusana na habu, kile kitovu cha gari rimu inapofungwa. Ikipungua, tairi linatokeza nje. Ikiongezeka, linaingia kuelekea shokapu. Subaru Forester nyingi za matoleo ya SG na SH ni 5x100 (matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati milimita 56.1, ofseti 48. Ziandike kwenye simu kabla hujatoa hela.

Njia za kubadili ofseti nazipanga kuanzia bora hadi mbaya. Namba moja kwangu ni rimu iliyotoka kiwandani na ofseti unayoitaka, hata kama ni mtumba wa Japani. Ukitoka upana wa inchi 7 ET48 kwenda inchi 8 ET38, tairi linatokeza nje milimita 22.7 na kuingia ndani 2.7 tu. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, weka bushi zake, pete za kuziba nafasi hiyo. Rimu zijaribu gari likiwa na watu wanne, usukani umekatwa hadi mwisho, kulia na kushoto.

Ya pili ni spesa za alumini, bamba linalokaa kati ya rimu na habu, zenye stadi zake (boliti zinazoshika nati), milimita 20 au zaidi, na lazima ziwe na mdomo unaokaa kwenye habu. Mimi nilifungiwa zisizo na mdomo. Usukani ukawa unatetemeka nikifika 80; nikapiga balansi mara mbili bila nafuu. Tulipofungua, upande mmoja wa spesa ulikuwa unang'aa kama sarafu mpya, pale rimu ilipokuwa ikisugua.

Spesa nyembamba za milimita 3 hadi 5 zinafaa tu kuizuia rimu isiguse kalipa ya breki. Zinakula uzi wa stadi: fungua nati kwa mkono uhesabu mizunguko, na ikiwa chini ya 10 weka stadi ndefu.

Kukereza mgongo wa rimu naweka chini. Unapata milimita chache za kuingia ndani, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Ya mwisho ni kukata rimu na kuichomelea ili iwe pana. Ya chuma, kwa fundi mwenye mashine ya kuinyoosha, inawezekana. Ya alumini nakuomba usikubali, hata ukipewa bure. Joto la kuchomelea hulainisha alumini, na ufa huanzia pembeni mwa weldi usipouona.

Ukishafunga chochote, endesha kilomita 50 kisha ukaze nati upya.